Pipa Lililomnyima Baba Pombe

Kuna aibu ambayo mtu anaweza kuificha mpaka akazeeka nayo, lakini yangu mimi haifichiki, ndugu zangu, kwa sababu mpaka leo nikipita upande wa Kabambare watoto ambao siku ile walikuwa bado wamebebwa mgongoni hunifuata njiani wakiita "Robine! Robine!", na dada zao wanatazama kaptula yangu kisha wanatazamana wao kwa wao. Kwa hiyo ni heri niieleze mimi mwenyewe, polepole, maana mkono wangu ni mzito kwenye karatasi kama ulimi wangu ulivyo mzito mbele ya watu, na msinicheke kabla sijafika mahali pa kuchekea (mahali hapo papo, lakini si pengi kama mnavyodhani).

Mnajua nilivyo. Nikisimama mbele ya watu wengi, maneno yananiganda kooni kama ugali wa jana. Shuleni mwalimu aliniuliza jina la mto mkubwa ambao nimeoga ndani yake tangu utotoni, nikanyamaza mpaka akamuuliza mwingine. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo anaambiwa kwamba yeye ndiye atakayemimina pombe siku ya kuvunja matanga ya baba yake mkubwa.

Baba mkubwa, Muzee Musafiri, alikufa kijijini kwake, mbele ya Kabambare, sisi tukiwa Kasongo. Kwetu kazi ya kumimina siku ile ni ya mtoto wa kiume wa ndugu yake marehemu, na Baba hana mtoto wa kiume mwingine ila mimi. Na kumimina si kuchota na kupita tu. Unakwenda na kata yako mpaka mbele ya kila mzee, unapiga goti, unamsalimu, unasema wewe ni mtoto wa nani aliyezaliwa na nani, unaonja kwanza wewe mwenyewe ili aone hakuna kitu kibaya ndani, halafu yeye anakutania, nawe unatakiwa umjibu utani wake ili watu wacheke. Mzee mmoja, mwingine, mwingine, mpaka nyua zote zimekwisha. Mimi nililala siku nyingi nikiota magoti tu.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo.

Nilikuwa ninajifunza useremala kwa fundi mmoja pale Kasongo, na nyuma ya karakana kulikuwa na pipa dogo la mti, la kubebwa na mtu mmoja kichwani likiwa tupu, ambalo zamani lilikuwa na divai ya Wazungu. Fundi alikuwa amelitumia kwa maji. Nilimwomba, akanipa. Nikatoboa tundu chini, nikatia robine, bomba dogo la shaba la kuzungusha, niliyoipata kwenye vyuma vya zamani, nikaikaza kwa ulimbo, nikaweka maji, nikazungusha, maji yakatoka mazuri kama mkojo wa ndama. (Nilijaribu pipa likiwa wazi juu. Kumbukeni hilo, mimi sikulikumbuka.) Nikajiambia: pombe itakaa humu, pipa litawekwa mahali pamoja, wazee watakuja wenyewe na vikombe vyao, na mimi nitakaa nyuma yake ninazungusha tu, bila goti, bila utani, hata uso wangu hauonekani sana. Nilifurahi kama mtu aliyejijengea nyumba.

Mama alipika pombe ya ndizi, akaichuja vizuri sana, tukaijaza. Baba alilitazama pipa muda mrefu, akasema, "Tomasi, kwani chungu iko na ubaya gani?" Nikamwambia chungu kitapasuka kwenye kamio, lori tutakalopanda. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa sababu.

Njia ya Kabambare mnaifahamu, hata wakati ule wa Wabelgiji walipokuwa wanalazimisha watu kuilima kila mwezi ilikuwa inatikisa meno. Jua lilikuwa kali, kamio inaruka, na pombe ndani ya pipa ikaanza kuchemka tena kama ndio kwanza imepikwa. Povu likatoka kwenye tundu la juu, pale panapozibwa na kizibo cha mti, likaanza kulowesha magunia ya watu, na watu wakaanza kunitukana. Basi nikakata kipande cha mpira wa baisikeli, nikakifunga kwenye kizibo, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikazama, juu yake nikapaka nta. Povu likakoma. Nikajisifu moyoni.

Sasa lazima niwaambie jambo la Baba, bila hilo hamtaelewa kwa nini naona baridi ninapoandika. Baba na marehemu walikuwa wamegombana juu ya michikichi iliyoachwa na babu. Siku Baba alipoondoka pale kijijini kwa hasira, alisimama uani mbele ya watu akasema, "Mimi sitakanyaga tena hapa mpaka siku ya kilio chako." Ni maneno ya hasira, kila mtu husema maneno. Lakini baba mkubwa hakumaliza hata musimu wa mvua. Akaanza kukohoa, akakauka, akafa. Na Baba alirudi kukanyaga uwanja ule siku ya kilio, kama alivyosema.

Hakuna aliyemwambia kitu. Walikuwa wanangoja siku ya kuvunja matanga, kwa sababu siku hiyo mdogo wa marehemu hunywa pombe ya ndugu yake mbele ya ukoo wote. Hunywa baada ya wazee kumaliza, macho yote yakiwa juu yake. Ikipita kooni, maneno yamekwisha, anapewa watoto na mjane awatunze. Ikikataa kupita, kuna mtu ng'ambo ya mto Luama anayejua kunywesha watu maji ya maganda ya mti fulani, na anayeyanywa mara nyingi harudi. Serikali ilikuwa imekataza, ndiyo, ilitia watu gerezani kwa jambo hilo. Lakini Serikali haikulala katika kila kijiji.

Tukafika. Siku ya pombe ilikuwa alasiri nzito, ya mvua isiyotaka kunyesha. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya mlima, mwanga umekuwa wa manjano, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Kuku walikuwa wameingia ndani mchana. Niliweka pipa juu ya kitanda cha miti katikati ya uwanja, nikajificha nyuma yake, na watu wakalizunguka kwa mbali kidogo, wanalitazama.

"Hii ni sanduku ya maiti ya mutoto?" akauliza Shangazi Sangia, dada yao marehemu na Baba, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kufunga mlango. Watu wakacheka kidogo. Mimi nikatazama chini.

"Pombe iko wapi? Sioni pombe," akasema Muzee Lubangi, mkubwa wa ukoo, mwenye kiti peke yake.

"Iko ndani," nikasema.

"Ndani na nani?"

Nikashika robine. (Mngejibu nini ninyi?)

Kikombe cha kwanza ni cha marehemu, kinamwagwa chini. Mama mkubwa Anjelina, mjane, akaja na kibuyu kilichokatwa, akakiweka. Nikazungusha robine. Ndugu zangu, pipa lile likatoa pumzi. Haaaaaa. Pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo mzito, halafu pombe ikaruka kwa nguvu, povu jeupe, ikajaza kibuyu mara moja. Mama mkubwa aliruka nyuma. Hakuna aliyecheka. Akamwaga chini, udongo ukanywa.

Wazee wakaja mmoja mmoja. Mwanzoni ilitoka kwa nguvu, kisha kwa kiasi, kisha polepole, uzi mwembamba, nami nilidhani ni kawaida, kitu kinachopungua hupungua. Muzee Lubangi alipata chake, akaonja, akatingisha kichwa kwamba ni nzuri. Halafu akasema, "Sasa mudogo wa marehemu."

Baba akatoka, kavaa koti lake jeusi la kanisani, akapiga goti mbele ya pipa, akaweka kikombe chini ya robine. Nikazungusha.

Tone moja likatoka. Likaning'inia. Likarudi juu.

Sisemi uongo, nililiona likirudi ndani ya mdomo wa robine. Na ndani ya pipa kukasikika *glu*. Halafu kimya. Halafu tena, *glu*, kama mtu mgonjwa anayemeza mate. Baba mkubwa alikuwa anameza hivyo mwishoni, nilimsikia siku mimi na Mama tulipokwenda kumtazama, na kila aliyekuwa pale alikuwa amemsikia.

"Zungusha vizuri," Baba akaniambia kwa sauti ya chini.

Nikazungusha mpaka mwisho. Hakuna kitu.

"Ondoka kwanza," akasema Muzee Lubangi. "Sangia, weka yako."

Shangazi akasogea akiwa hana tena utani, akaweka kikombe chake, na pipa likameza mara nyingine, *glu, glu*, na pombe ikatoka. Kidogo, lakini ikatoka, ikafika nusu ya kikombe. Watu wote walivuta pumzi pamoja. Akaondoa mkono kama aliyeungua.

"Rudisha yako," Muzee Lubangi akamwambia Baba.

Baba akarudisha. Pombe ikakatika. Kwenye ukingo wa kikombe chake lilikuwa limebaki povu kidogo lililodondoka ilipokuwa inakatika, na alipokisogeza karibu sana na robine, robine ikalivuta lile povu, ikalinywa, likaisha. Pipa ndilo lililokuwa linakunywa kwa Baba.

Mama mkubwa Anjelina akaja mpaka kwenye pipa, akaweka mkono wake juu ya ubao, akainama karibu kana kwamba anazungumza na mtu aliyelala.

"Baba wa watoto," akasema, "ni wewe uko humu?"

Ubao ukalia. *Kwaa.* Si sana, kama kitanda mtu anapogeuka. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia.

"Uko unamukatalia ndugu yako?"

*Kwaa.*

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa, magoti yangu yamegusa ubao, nilisikia mlio ule ukipita kwenye mifupa yangu. Nilitaka kusema kwamba robine imeziba, labda ni nyuzi za ndizi, nitafungua, nitatazama. Maneno yote nilikuwa nayo. Nikafungua mdomo, likatoka neno "Ro..." na Shangazi akanigeukia: "Nyamaza, mutoto. Mukubwa wako iko anasema."

Na sasa nafika mahali pa aibu yenyewe, siyo ile mnayoijua ninyi. Niliposikia hivyo nilinyamaza, na nilipokuwa nimenyamaza nikamtazama Baba. Nikatazama mikono yake, ile ile iliyonibeba, na nikajiuliza kama ilitia kitu kwenye chakula cha ndugu yake. Ilikuwa muda mfupi sana. Lakini muda ule ule Baba aliinua macho kutoka kwenye pipa ili anitazame mimi, mtoto wake, labda apate uso mmoja wa kumsaidia katika uwanja ule, na akakuta uso wangu uko hivyo.

Aligeuka kwenye pipa, akasema taratibu, kama mdogo anavyomwita kaka yake kwetu, "Yaya, unanikatalia mimi? Yaya?" Na vijana wawili wa ukoo walikuwa wameshasimama nyuma yake, mmoja ameshika kamba ya kufungia mbuzi.

Sijui nini kilinisimamisha. Najua tu kwamba kulikuwa na mchi umeegemea kinu pale karibu, na kwamba nilikuwa nao mikononi kabla sijafikiri. Sikuwa ninatoa hotuba, hotuba siziwezi. Nikaupiga mchi kwenye kizibo cha juu kwa nguvu zangu zote.

Nta ikapasuka, na pipa likapiga kelele. Fiiiiiiiii! Kilio chembamba, kirefu, cha mtoto mchanga aliyeminywa, kikaenda mpaka kwenye mlima na kurudi. Kiti cha Muzee Lubangi kikaanguka naye ndani yake. Watu wakakimbia, wanaume mbele ya wanawake (sitaji majina, wengine ni wazee wa kanisa), kamba ya mbuzi ikabaki chini, mbuzi mwenyewe akapita juu ya mkeka wa vyakula. Nikapiga mara ya pili, kizibo kikaanguka ndani, na pombe, ambayo ilikuwa imebaki nyingi sana, ikatoka kwenye robine iliyokuwa wazi kama ng'ombe aliyefunguliwa.

Nikaruka mbele kuifunga. Nikaizungusha kwa haraka upande usio wake, na robine yote ikang'oka, ikabaki mkononi mwangu na ulimbo wake. Pombe ikanipiga hapa, chini ya kitovu, kwenye kaptula nyeupe ya Jumapili niliyoazimwa na rafiki. Nikaziba tundu kwa kiganja, ikaruka usoni. Nikaligeukia pipa nikaziba kwa makalio, ndiyo, kwa makalio, mbele ya ukoo wote na wasichana wao, nimesimama pale nimekunja magoti, robine mkononi, pombe inateremka miguuni mpaka kwenye vidole, na sina njia ya kuondoka.

Baba peke yake hakukimbia. Alisogea akiwa bado amepiga goti, akanisukuma pembeni taratibu kama unavyosogeza mtoto mlangoni, akaweka kikombe chake kwenye mkondo. Kikajaa. Akanywa chote, koo lake likipanda na kushuka, wote waliokuwa nyuma ya migomba wakiona. Akageuza kikombe chini juu. Hakuna tone lililodondoka.

Pombe ikaendelea kumwagika. Hakuna aliyejua kama jambo lile linahesabiwa au halihesabiwi, kwa sababu mtu alikuwa amempiga marehemu kwa mchi.

Halafu Shangazi Sangia, nyuma ya mgomba, akaitazama kaptula yangu.

"Musafiri amekubali," akasema. "Lakini amekojolea kwanza mutoto wa watu!"

Akacheka mwanamke mmoja, kisha wote, wakacheka vibaya, kicheko cha watu waliotoka kuogopa, wanashikana mabega, Muzee Lubangi yuko bado chini anacheka akiwa chali. Wakanifanya nizunguke uwanja ili kila mtu anione. Na mimi nikazunguka, kwa sababu niliona yule kijana anaokota ile kamba na kwenda kumtafuta mbuzi.

Mjane hakucheka. Alikaa kwenye tope la pombe karibu na pipa mpaka lilipoisha, akaniambia bila ukali, "Nilimuuliza, akanijibu. Sasa umemufungulia mulango amekwenda."

Kasongo nilimweleza fundi. Akanitazama kama mtu anayetazama ubao uliopinda. "Pipa inavuta pumzi sawa na mutu," akasema. "Uliiziba pua, itatoa pombe namna gani?" Akajaza jingine maji, akaziba juu, akazungusha: uzi mwembamba, tone, *glu*. Hata ubao ukalia, *kwaa*, kwa sababu hewa ya nje inaukandamiza. Yote yakaelezeka. Nilimwomba asirudie.

Tangu hapo, ndugu zangu, pombe ya watu naimimina kwa kata kutoka kwenye chungu kilicho wazi, kila mtu anaona ndani. Napiga goti, nasema mimi ni mtoto wa nani, naonja, natukanwa, nachekwa, na ulimi ukigoma nangoja hapo hapo kwenye goti mpaka maneno yatoke. Sitajificha tena nyuma ya kitu kisichoonekana ndani.

Michikichi ile Baba aliwaachia watoto wa ndugu yake, na mjane humtumia mafuta kila musimu. Mimi na Baba hatujalisema lile jambo. Anakula pamoja nami, ananituma, ananigombeza. Ila nikimpa kikombe, hata cha maji, mkono wake haupokei mara moja. Kwanza ananitazama usoni.